Nywele za Mama Ernestine

Wiki mbili zilizopita nilirudisha beji, ufunguo wa stoo na mshipi wa kunyanyulia wagonjwa, nikakatiwa keki. Meneja mpya akasoma kikaratasi kilichosema mimi ni kama familia. Keki niliila, ilikuwa nzuri. Tulipokuwa tunafuta meza, wale wasichana wa zamu ya mchana, Wakenya wawili na Mkongo mmoja, wakaniambia, "Mama, kabla hujatusahau tuandikie basi, hii kazi umeionaje."

Basi naandika. Vyeo sitaviandika kwa kuwa sikupata, na mshahara hamna haja ya kuambiwa, mnaujua. Nitaandika kazi yenyewe, na ndani yake jambo moja nililolifanya kwa mikono yangu. Miaka imepita, na bado likinijia nikiwa naendesha gari huanza kugombana peke yangu mpaka watu wa gari la pembeni wanageuka kutazama.

Jina langu ni Mejumaa. Kwetu ni Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, ila kwa zaidi ya miaka ishirini kwangu ni Fridley, kando ya Minneapolis huku Marekani, na kazini ni ile nyumba ya kutunzia wazee pale Crystal. Siku yangu ya kwanza ilikuwa mwezi wa pili, na theluji ilikuwa imefika magotini. Nilivaa makoti mawili na soksi za mume wangu. Ofisini walinitazama, wakalitazama jina langu, wakaona kazi, wakanichapishia beji iliyoandikwa May. Nikashukuru! Hebu fikirieni, mtu anakupunguzia jina nawe unasema asante.

Aliyepewa kunifundisha alikuwa Loretta, Mmarekani mweusi, mrefu, magoti mabovu, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Aliisoma beji, akanitazama usoni. "Hili ni jina lao," akasema. "Mama yako alikuita nani?" Nikamwambia. Alikosea, akarudia, akakosea tena, na mwisho wa wiki ile alikuwa analitamka vizuri kuliko baadhi ya watu wa Nairobi ninaowajua.

Yote ninayoyajua ya kazi hii ni ya Loretta. Maji ya kuogesha mtu yajaribu kwa kifundo cha mkono wako, si kwa vidole, maana vidole vya mfanyakazi vimekwisha kufa ganzi. Anza na uso. Funika kila sehemu usiyoiosha. Mshipi wa kunyanyulia ufunge juu ya nguo, uwe na nafasi ya vidole viwili, na umnyanyue mtu kwa mapaja yako, mgongo wako utauhitaji uzeeni. Na kabla ya yote hayo gonga mlango, hata kama uko wazi. Sema jina lako, sema unachotaka kufanya, kisha nyamaza ungoje jibu. "Asiyeweza kuongea naye ana jibu," alikuwa akisema. "Mtazame macho. Mtazame mkono." Wazee weusi alitukataza kabisa kuwaita kwa majina matupu. Alisema hao wameitwa hivyo na watoto wa watu maisha yao yote, hapa ndani wataitwa kwa heshima.

Mwezi wa tatu nikapata kesi. Mkuu wa ghorofa yetu, muuguzi wa siku nyingi mwenye tabasamu lisiloondoka hata akikufukuza kazi, aliniita mbele ya wenzangu akasema mtandio wangu unaweza kubeba vijidudu, niuvue nikiwa kazini. Nilisimama pale nimeushika kwa mikono miwili. Nilikuwa mgeni, cheti changu kilikuwa hakijatimiza hata nusu mwaka. Loretta alikuwa anakunja taulo. Hakuacha kukunja. Akasema, "Akiuvua wa kwake, mimi navua wigi langu, na nyote mtalazimika kutazama kilichoko chini." Watu wakacheka. Yule mkuu hakucheka, lakini habari ya mtandio ikafa siku ile ile. Baadaye Loretta akanionyesha stoo ya mashuka, mahali panapofaa kusalia adhuhuri, na mara nyingi alisimama nje ya mlango akipanga mito isiyohitaji kupangwa, ili nisisumbuliwe.

Mngedhani baada ya hapo nilikaa naye meza moja. Sikukaa. Kwenye chumba cha mapumziko sisi wa Afrika tulikuwa na meza yetu karibu na maikrowevu, na Wamarekani weusi walikuwa na yao dirishani. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Kwetu tulikuwa na pilau, sombe, kile kisamvu cha Wakongo, na maneno: hawa wa hapa wavivu, hawa wanapenda ugomvi, hawa wamezaliwa na pasipoti na hawajui kuitumia. Nao dirishani walikuwa na yao. Kuna mmoja aliyeniuliza kama kwetu tuna barabara, nikamjibu tunayo, ndiyo niliyopitia kumkimbia mtu kama yeye. Tulicheka sana na jibu hilo mezani kwetu.

Na juu ya hayo tulikuwa tunasifiwa. Yule mkuu alikuwa akipita anasema, "Nyinyi watu mnajua kazi. Nyinyi mna heshima kwa wazee. Natamani wengine wangekuwa kama nyinyi." Wengine ni akina nani, hakusema, na sote tulijua. Tuliipokea ile sifa tukaila pamoja na pilau. Nasema kwa hasira kwa sababu nami nilikula. Mtu mweupe anamtukana mtu mweusi mbele yako, nawe unasikia unasifiwa! Tulikuwa tunasali, wengine Ijumaa wengine Jumapili, tunafunga, tunatoa sadaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyanyuka pale mezani akasema, mama, Loretta ndiye aliyetufundisha.

Sasa niwaeleze Mama Ernestine. Alikuwa mkazi wa chumba cha mwisho upande wa mashariki. Alizaliwa Mississippi, akaja huku msichana, akapika katika jikoni za shule miaka mingi, akawa mama wa kanisa huko kaskazini mwa Minneapolis. Mama wa kanisa kwao ni cheo kikubwa. Ni wale wanawake wazee wanaokaa safu ya mbele wamevaa nyeupe, na mchungaji mwenyewe akipotoka huwatazama kwanza wao. Loretta alisali kanisa hilo hilo. Kiharusi kilikuwa kimemchukua Mama Ernestine upande wa kulia na maneno yake karibu yote. Alibaki na mkono mmoja, macho makali, na nywele.

Nywele zile zilikuwa ndefu, za kijivu, nzito. Pale kwetu kulikuwa na saluni ndogo, na mwanamke alikuja kila Jumatano kuwatengeneza wazee. Mama Ernestine alikuwa na haki ya kiti kile kama mwingine yeyote, lakini yule mwanamke alisema nywele za aina ile hajasomea. Aina ile! Miaka yote hiyo nyumba nzima iliona ni sawa, na sisi tuliokuwa na nywele za aina ile ile tuliona ni sawa. Loretta ndiye aliyeona si sawa. Kila Jumamosi mchana, siku yake ya mapumziko, alikuja na chanuo la meno mapana na kopo la mafuta, akazichambua, akazipaka, akamsukia misuko miwili na kuizungusha kichwani. Ilichukua saa mbili. Wakati huo wote Mama Ernestine, asiyeweza kuomba maji kwa maneno, alikuwa akiimba. Maneno ya nyimbo za kanisa kiharusi hakikuyafikia.

Kisha dada yake Loretta akafariki huko kusini, na aliporudi kutoka mazishi akaenda moja kwa moja kufanyiwa upasuaji wa goti. Kabla hajaondoka alinipa lile chanuo na lile kopo. "Kila Jumamosi," akaniambia. "Usimwachie mtu mwingine. Wewe unajua." Nikasema, usijali.

Jumamosi ya kwanza tulikuwa wachache kazini, nilikuwa na wazee kumi na wanne peke yangu. Hiyo ni kweli. Jumamosi ya pili tulikuwa watu wa kutosha, na nilikwenda kukaa nikanywa chai. Hiyo nayo ni kweli. Nilijiambia mwanamke wa umri ule, asiyekwenda popote, wa nini kusukwa kila wiki. Nilifikiri ni majivuno ya watu wa hapa. Wiki ya tano, baada ya kulala upande mmoja muda mrefu, nywele zilikuwa zimefungana kwa nyuma kama kipande cha mkeka.

Siku ya Jumanne mkuu akaingia chumbani, akanusa, akasema wakaguzi wa jimbo wanakuja Alhamisi. "May, fanya jambo na hizo nywele," akasema. "Ziondoke. Fanya namna nyinyi watu mnavyofanya kwenu." Akatoka na tabasamu lake. Na Jumatano ndiyo siku Loretta alikuwa anarudi kazini, amepewa kazi nyepesi ya simu ghorofa ya chini kwa ajili ya goti. Naogopa kusema nilichoogopa zaidi. Si wakaguzi. Niliogopa Loretta apande azione.

Kwetu kunyoa si aibu. Mtoto akizaliwa, siku ya akika ananyolewa, na nywele zile za kwanza huondoka na uchafu wa tumboni. Shuleni sote wasichana tulinyolewa vipara. Bibi yangu, baada ya kufiwa na mumewe, alinyolewa kila mwezi na mama yangu kwa wembe na maji ya bakuli, ameketi kibarazani akisimulia uongo mtupu, na alipomaliza kunyolewa alijipapasa kichwa akasema sasa nimepata hewa. Hivyo Jumatano asubuhi nilipochukua mashine tunayonyolea ndevu za wazee wa kiume, nilikuwa na bibi yangu kichwani. Nilimwita Espérance anisaidie. Espérance ni Mkongo wa Uvira, anaishi Coon Rapids, anaimba kwaya, na nyumbani kwake hakuna aliyewahi kuondoka na njaa. Akaja akamshika kichwa vizuri kwa taulo. Nilimwambia Mama Ernestine, "Tunakusafisha." Sikungoja jibu. Ule mkono wake mmoja ulipanda mara mbili, na mara mbili Espérance akaushusha kwa upole.

Tulipomaliza nilimpangusa, nikampaka mafuta, nikamletea kioo. Wallahi nilikuwa nacheka, nikisubiri ajipapase aseme amepata hewa. Alijitazama. Akainua mkono akagusa juu, kisha nyuma, kisha juu tena. Akasema, "Kwa nini?" Sikuwahi kumsikia akisema neno zima la kwake mwenyewe. Kisha akageukia ukuta, na chakula cha mchana akakikataa.

Saa tisa Loretta akapanda kwa lifti na gongo lake la kutembelea, na pipi kifuko kizima kwa ajili ya rafiki yake. Nilikuwa kwenye ukumbi. Nilisikia ukelele ambao sijawahi kuusikia tena kutoka kwa mtu mzima. Alipotoka, alikuja kwangu kwanza, kwa sababu ni mimi aliyeniamini. "Nani?" akaniuliza.

Nikasema, "Sijui. Nimemkuta hivyo."

Ndivyo nilivyosema. Nimeswali adhuhuri kwenye stoo aliyonionyesha yeye, na kabla ya alasiri nimemdanganya usoni.

Loretta alikwenda ofisini kwa mkuu, na jengo zima lilimsikia. Akampigia simu Yvonne, binti yake Mama Ernestine. Yvonne akafika na barua ya malalamiko kabla hata wakaguzi hawajavua makoti. Basi ikabidi apatikane mkosaji. Kwenye karatasi ya huduma, penye nywele za mkazi yule, paliandikwa jina la Loretta. Siku ile alikuwa ndani ya jengo. Kwenye faili lake kulikuwa na maonyo mawili ya zamani, yote kwa sababu ya namna anavyozungumza na wakubwa. Ijumaa akasimamishwa kazi, akaambiwa Jumatatu kuna kikao, aje na mtu wake kama anaye. Mwanamke aliyepiga kelele kwamba kuna moto ndiye aliyeshikwa kwa kuchoma nyumba!

Ijumaa hiyo mkuu alinikuta ukumbini akanishika bega. "Usiwe na wasiwasi, May," akaniambia. "Tunajua wewe huwezi kufanya kitu kama hicho. Nyinyi watu ni wapole." Yeye mwenyewe ndiye aliyeniagiza! Alijua ninajua, na alijua ninajua kwamba anajua, na alikuwa ametulia kabisa. Alikuwa amenipima miaka yote ile kwa kila sifa, akaona ninanyamaza, na sasa alikuwa amekuja kuvuna alichokipanda.

Nje kwenye maegesho Espérance alikuwa ananisubiri ndani ya gari lake, heater imewashwa, macho mekundu.

"Ma sœur, dada yangu, tunafanya nini?"

"Nataka kusema."

"Useme nini? Tutapoteza licence, weye na miye. Miye niko na watoto watano. Loretta ni mutu wa hapa, atapata kazi ingine kesho. Siye tukifukuzwa tunaenda wapi? Mais Mungu anajua hatukufanya kwa ubaya."

"Mungu anajua. Loretta je?"

"Loretta ni mu-Américaine."

"Espérance, polisi akikusimamisha barabarani usiku, atakuuliza kwanza umetoka Uvira au Mississippi?"

Akasema theluji inaongezeka, anaogopa ku-drive, akaondoka. Sikumlaumu. Aliyoyasema ndiyo niliyokuwa nikijiambia tangu Jumatano.

Nilirudi Fridley nikamweleza mume wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Siku walipotaka kukuvua mtandio, huyu mama alikuwa na watoto wangapi wa kulisha?" Nikaingia bafuni nikavua huo mtandio, nikajitazama kwenye kioo. Kichwa changu hakuna mtu katika nchi hii aliyewahi kukigusa, na sababu ni kwamba Loretta alisimama. Yeye alikilinda cha mtu asiyemjua. Mimi nilikabidhiwa cha rafiki yake, nikapewa na chanuo juu.

Jumatatu sikualikwa kwenye kikao. Niligonga, nikaingia. Ndani kulikuwa na mkuu, bwana mmoja wa ofisi ya wafanyakazi, Yvonne na daftari lake, na Loretta amevaa suti ya kanisani, gongo miguuni. Nikasema nikiwa nimesimama, "Nywele nilinyoa mimi. Jumatano saa nne asubuhi. Loretta hakuwepo chumbani na hakujua. Aliniuliza nikamdanganya."

Mkuu akatabasamu. "May ana moyo mzuri," akamwambia yule bwana. "Anamtetea rafiki yake."

"Mimi naitwa Mejumaa," nikasema, "na wewe ndiye uliyeniambia niziondoe, namna sisi watu tunavyofanya kwetu. Ulisimama mlangoni mwa Mama Ernestine, mkono kwenye kitasa. Na hata kama usingeniambia, zilifungana kwa sababu niliachiwa kazi ya kuzichana nami sikuifanya." Ilikuwa ni mara ya kwanza kumwona uso bila tabasamu, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi.

Yvonne aliandika kila neno. Loretta alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakunishukuru. Alisema, "Nilikuachia chanuo," akachukua gongo lake akatoka.

Mchana huo huo Espérance alipanda mwenyewe ofisini, bila mtu kumwita, akaandika kwa Kifaransa na Kiingereza kilichochanganyika kwamba yeye ndiye aliyeshika kichwa. Hakufukuzwa, na mimi sikufukuzwa, kwa kuwa kutufukuza kungewalazimu kuandika nani aliagiza. Tulipewa onyo la mwisho na wiki mbili za kukaa nyumbani. Loretta alirudishwa kazini bila neno la samahani. Mkuu alihamishiwa nyumba nyingine ya wazee, na ndiyo, alikatiwa keki.

Kabla wiki zile mbili hazijaisha nilimpigia simu Yvonne kuuliza kama naweza kwenda na maua kwa mama yake. "Maua usilete," akasema. "Mama yangu haumwi kwa kukosa maua. Kila Jumapili gari la kanisa linamchukua, na tangu mlipomfanya vile amekataa kukaa safu ya mbele na wenzake. Anakaa nyuma karibu na mlango. Wale wanawake wamemwona. Njoo uwaambie wao."

Mume wangu aliniambia nenda, unakwenda kuomba radhi, huendi kubatizwa. Espérance alinipitia. Kanisa lilikuwa la matofali, dogo kuliko nilivyodhani, joto, limejaa. Mama Ernestine alikuwa nyuma kabisa kwenye kiti chake cha magurudumu, nguo nyeupe, kofia nyeupe pana imevutwa mpaka kwenye nyusi. Hakunitazama. Safu ya mbele walikaa wanawake tisa, mavazi meupe tupu, na kiti kimoja kati yao kilikuwa wazi. Baada ya matangazo mchungaji akatuita. Nilisimama mbele ya watu wale na mtandio wangu, Espérance kando akinishika kiwiko.

Niliwaeleza yote. Niliwaeleza Jumamosi zile zote, na chai niliyokunywa. Niliwaeleza kuhusu bibi yangu na bakuli la maji, na watoto wetu siku ya akika, ili wajue sikukusudia kumdhalilisha, kwamba kwetu ni usafi. Walinisikiliza vizuri. Wengine walianza kutikisa kichwa kwa huruma, na nikaanza kujisikia nafuu.

Ndipo Loretta akasimama katikati ya benchi la tatu. "Mejumaa," akasema. "Chumba cha jirani na Mama Ernestine kuna mwanamke mweupe, nywele mpaka mabegani. Naye aliwahi kulazwa hospitali, naye zikamfungana. Ulifanya nini?"

"Nilizichana," nikasema.

"Ilikuchukua muda gani?"

"Siku tatu. Kidogo kidogo."

"Ungemnyoa?"

Nilitaka kusema kuhusu bibi yangu tena. Bibi yangu hakuwa na jibu la swali lile. Kwa yule mama mweupe wazo la mashine halikuwahi hata kunipitia akilini. Nywele zake niliziona ni nywele. Za Mama Ernestine, zinazoota kama zangu, niliziona ni tatizo la kuondolewa, na hilo hakuniagiza mkuu wala mwingine yeyote, nilikuja nalo mwenyewe kutoka Msambweni, limo kwenye sanduku.

"Hapana," nikasema. "Nisingemnyoa."

Espérance alikuwa analia. Loretta aliketi, na usoni mwake sikuona ushindi, niliona uchovu. Nilisubiri mtu aniambie nikae, hakuna aliyeniambia.

Kilichosikika ni breki ya kiti ikifunguliwa huko nyuma. Mama Ernestine alikuwa ameifungua kwa ule mkono wake wa kushoto, na sasa alikuwa amenyoosha kidole kwangu. Nikatembea mpaka kwake, njia yote ile, watu wakinitazama. Akavua kofia, akanipa. Nywele zilikuwa zimeota kidogo tu, nyeupe, fupi, na kichwa chake kilikuwa na umbo zuri ambalo siku ile ya mashine sikuliona. Akaonyesha kile kiti kilicho wazi mbele. Nikatia kofia kwapani, nikashika vipini, nikaanza kusukuma haraka, maana nilitaka kumfikisha kabla watu hawajamtazama sana.

Akanipiga mkononi.

"Pole pole," akasema, neno kwa neno, akilitoa kila moja kwa kazi. "Waache. Wanione."

Nikapunguza mwendo. Tukapita mbele za watu wote wale hatua moja moja, kichwa chake wazi, na hakuna mahali aliponiruhusu kuharakisha.